Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne limeachiwa mistari mitatu:
"Kwa nini kampuni yenu inaomba cheti hiki?"
Nimekaa nalo tangu adhuhuri, kalamu mdomoni,
hapa Maweni, nyuma ya kinu cha mafuta ya nazi,
feni ikizungusha joto lile lile
na harufu ya chicha ikiingia hadi kwenye chai.

Juu ya lango, marehemu babake Bi Swabra
aliandika kwa rangi ya buluu, kwa mkono wake:
Kizuri chajiuza.
Nusu ya pili hakuiandika. Hakuona haja.
Enzi zake mnunuzi alikuwa jirani,
akichovya kidole, akinusa, akiuliza hali ya mama,
na mafuta yakichacha, lawama ilifika
kabla ya adhana ya alasiri.
Cheti kilikuwa uso wa mtu.

Sasa chupa zinakwenda kwenye baridi,
kwa watu wasioijua Maweni wala Muyeye,
wasiojua kama Bi Swabra ana uso.
Wanaigeuza chupa, wanatafuta muhuri,
wa kijani, mdogo kama ukucha wa mtoto.
Wasipouona, chupa inarudi rafuni.

Basi naandika: Kwa sababu mnunuzi ametaka.
Naifuta. Ni kweli, lakini kweli iliyovaa kanga moja.

Naandika: Kwa sababu tunapenda mazingira.
Tsofa, kule motoni, angecheka hadi akae chini.
Mwaka juzi tulichoma mikoko, gogo kwa gogo,
ikija usiku kwa mkokoteni usio na taa,
na kila mtu alijua, na kila mtu alikunywa chai.
Leo tunachoma vifuu na makumbi yetu wenyewe.
Si mapenzi. Ukurasa wa tano uliuliza kuni zatoka wapi,
Bi Swabra akainua macho, akaniambia,
"Hilo usilijibu kwanza."
Wiki ile ile akamlipa mwenye mkokoteni deni lake,
akamwambia asirudi.

Naandika: Kwa sababu ya bei.
Shilingi arobaini zaidi kwa lita,
nazo tayari zimeliwa: ada ya mkaguzi, nauli yake,
glavu, shimo la maji machafu
ambayo zamani yaliteremka kwa Mama Fumo
yakaua mchicha wake, naye akaendelea kutusalimu.

Mkaguzi alikuja Jumanne, kijana mwembamba,
viatu vyeupe mno kwa kinu chetu.
Tulimwekea kiti ofisini, soda, korosho.
Akapita moja kwa moja hadi kwenye mashine ya kukunia,
akamuuliza Mbeyu, si sisi:
"Hicho kidole?"

Mashine ikazimwa. Mbeyu akautazama mkono wake
kana kwamba ni wa kuazima.
"Kilikatika Ramadhani ile ya mvua.
Nilipewa siku mbili, na kilo mbili za sukari."
Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma risiti.
Bi Swabra alikuwa amesimama mlangoni.
Miaka sita wanafuturu sahani moja,
na kidole hicho hakijawahi kutajwa.

Glavu, wallahi, hazivaliki; zinateleza kwa tui.
Mbeyu huzivaa akiona gari geni.
Hilo nalo ni kweli, na sijui niliandike wapi.
Lakini mashine sasa ina kinga ya bati,
Tsofa kaichomelea mwenyewe, usiku wa Jumanne,
na hakuna fomu iliyomwambia.

Saa kumi. Naandika, herufi ndogo zipate kutosha:
Kwa sababu mnunuzi ametaka.
Kwa sababu aliyeuliza si wa kwetu,
nasi wa kwetu hatukuuliza.

Mistari imekwisha.
Bi Swabra anasoma, miwani ikimteleza puani.
Anasoma tena. Nangoja aseme nifute.
"Ya kumi na tano," anasema, "inatakaje?"