Mkebe wa Mchele

Chumba kipya cha Kisauni hakina kabati.
Kina dirisha moja, msumari mmoja ukutani,
na mwenye nyumba aliyeniuliza mara mbili:
"Mizigo yako ni hiyo tu, Bi Mwanakheri?"
Nikamwambia ni hiyo tu.
Nikadanganya.

Nimezimwaga zote kitandani, hapa Kibokoni,
kamera saba, kama fungu la tasi sokoni,
na muuzaji ni mimi, na mnunuzi ni mimi,
na anayelilia bei ni mimi.

Nne hazina mjadala.
Chumvi ya mji huu haibagui,
hula bati, hula bawaba, sasa imekula kioo:
ndani ya lenzi zimetanda nyuzi nyeupe,
kazi ya buibui asiyeonekana.
Hizo nampa Fumo wa Mwembe Tayari, achomoe skrubu.

Zabaki tatu.

Ile kubwa, nyeusi, ya harusini.
Miaka kumi na miwili shingoni mwangu,
hadi ukanda umenichora alama isiyofutika.
Imeingia kusikoingia mwanamume:
siku ya kupamba, milango imekomewa,
mabuibui yamelundikwa juu ya viti,
na wanawake niwajuao wakageuka wengine,
vikuba vya asumini, migongo wazi, hina mpaka viwiko.
Nilikula yamini kwa mama wa kila biharusi:
zitatoka kwako, kwangu hazitoki.

Leo kaja kijana wa Changamwe kuitazama.
Kaibinya, kaitega sikioni kama saa,
kaiunga na simu yake, kasoma:
"Imepiga laki mbili na elfu kumi na nne, mama.
Imechoka."
Laki mbili! Na mimi je, nimepepesa mara ngapi?
Kakata bei. Nikamwachia.
Kadi nilikuwa nimeshazitwanga jana, kinuni,
moja moja, na harufu ya thumu ikapanda.
Jicho nimemuuzia. Lililoona limebaki kwangu.

Ya pili ndogo, rangi ya fedha.
Niliinunua mtaa wa Biashara, zamu yangu ya mchezo ilipofika.
Haina makuu. Yaenea mkobani
pamoja na ufunguo na dawa ya presha.
Magoti yangu hayataki tena kuchuchumaa
kumtafutia biharusi mwanga.
Hii naiweka.
Mjukuu alinionyesha mpya isiyotoa sauti,
bei yake kodi ya mwaka na ushei.
Nikamwambia, mimi na kelele tumezoeana.

Ya tatu ya baba.
Ngozi imebanduka pembeni, ikashikwa kwa gundi ya viatu.
Wallahi sijui yafanya nini kitandani.
Haiuziki. Yule kijana kaiita pambo.
Wala hakuna anayeosha filamu tena,
duka la Jivraj sasa lauza vifuniko vya simu.
Lakini mna filamu ndani.
Kidude cha kuhesabia chasema thelathini na moja.
Baba alipiga thelathini na moja, akailaza mezani,
akaenda kuswali Ijumaa,
hakurudi kwa miguu yake.
Zilibaki tano.

Miaka kumi na tisa nazibeba hizo tano.
Sijui alipiga nini. Labda meli za Kilindini,
alizijua kwa majina kama watoto wa mtaa.
Labda mama akimenya muhogo, amekasirika.
Labda alisahau kutoa kifuniko cha lenzi,
ilikuwa kawaida yake,
na zote thelathini na moja ni giza tupu.

Nimeilaza ndani ya mkebe wa biskuti,
kikombe cha mchele chini, kinyonye unyevu,
nikaubana.
Kisha nikaufungua tena.

Kesho, kabla mkokoteni haujafika,
nitamsimamisha Fumo mlangoni na kikapu chake cha vyuma,
na jirani Bi Zuwena na ndoo yake kichwani,
wasijipange, wasicheke,
nipige moja.

Zitabaki nne.
Halafu nitaona.