Spana Namba Kumi na Saba

Nimeichomelea mwenyewe, nyuma ya banda langu, Ng'ambo:
fremu mbili za Foniksi zilizokufa, moja juu ya mgongo wa nyingine,
mnyororo mrefu kama maneno ya mdaiwa,
tairi moja. Moja tu.
Kalunde aliniletea mchoro kwenye karatasi ya daftari:
"Baba, kiti kiwe juu yako."
Nikapima. Kikawa juu yangu.
Wenzake wa sarakasi wakaiita Twiga.

Wote wanaipanda. Hata yule mdogo wa Kachoma, kamasi na yote.
Mimi niliyeizaa naishikia kiti,
kama mshenga aliyesahauliwa mlangoni.

Jumapili nikamwambia binti: nifundishe.
Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mguu wa kulia ukanyage tairi, kwa nyuma, ligande.
Mkono ubane kiti. Wa kushoto utafute pedali.
Halafu usipande."
Nisipande?
"Ukipanda, inakimbia. Wewe simama tu,
kama unashusha sufuria kabatini.
Kiti kitakuja chenyewe."

Mara ya kwanza, mchanga.
Ya pili, mchanga na kiwiko.
Ya saba ilinibwaga juu ya kopo la grisi
na kuku wa jirani wakaenda kutoa taarifa.
Mchanga wa Tabora ni laini mpaka uuangukie.
Nimezoea chuma kinachotii:
unakipasha moto, unakigonga, kinanyamaza.
Hiki kinataka nikiamini kwanza.

Jioni, treni ya Mpanda ikipiga honi,
sijui kililegea nini, goti au kiburi,
nikasimama. Nikasimama tu.
Kiti kikawa chini yangu.

Tairi linakwenda mbele, nyuma, mbele,
kama mtu anayetafuta neno.
Naona kamba ya nguo ya jirani, ghala la tumbaku,
naona bati la banda langu
kwa mara ya kwanza tangu nilipoliziba, kabla ya mvua za mwaka juzi,
na juu ya bati, pembeni mwa msumari,
spana namba kumi na saba.

Imekula kutu. Ipo palepale nilipoiweka.

Maganga alilia: "Bosi, sijaichukua."
Nilimpekua mifuko mbele ya wateja.
Nikakata ujira wa wiki tatu.
Nikawaambia mafundi wote wa sokoni,
yule kijana ana mkono mrefu.
Mkono gani ungefika huku?

"Kanyaga, Baba! Usigande, kanyaga!"
Nikakanyaga. Mizunguko miwili na nusu.
Nusu ndiyo iliyonitupa.

Nimekaa chini, suruali imepasuka gotini.
Kalunde anaruka, anapiga makofi, anaita mtaa mzima.
Nasubiri amalize.
"Mwanangu, Maganga anakaa wapi siku hizi?"

"Maganga yupi, Baba?
Yule mwizi?"