Maji ya Saa Kumi na Mbili

Gyumri, Januari. Bomba limekohoa mara tatu,
na Haykanush ameruka kitandani na soksi moja
kuiwahi ndoo.
Maji huja saa kumi na mbili, saa mbili yamekwenda zake.
Leo yana kutu kidogo.
Lakini yamekuja.

Amepiga goti kando ya beseni,
si kwa ibada: goti limegoma tu kunyooka.
"Bwana, maadamu nimeshafika chini,
acha nikushukuru hukuhuku.

Asante kwa jiko, ingawa upepo ukigeuka
hunirudishia moshi wote.
Asante kwa kuni za Vazgen,
aliyezibwaga mlangoni usiku, akinyata,
akidhani sikumsikia.
Kikohozi chake nakijua tangu shule.
Niliomba mkate wa leo; upo wa jana,
mgumu, ila chai ya moto haichagui.

Kuhusu Arpine sitasema asante.
Wewe wajua.
Kiti chake bado nakipangusa kila Jumamosi.
Hapo nanyamaza, Nawe nyamaza nami."

Wakanyamaza. Theluji ikaporomoka kutoka paani, puu,
na shomoro mmoja akalalamika.

Ndoo nayo imejaa, imefurika, imemwagikia soksi.
Anacheka peke yake, bibi wa miaka sabini na mmoja,
mguu mmoja mkavu, wa pili umebatizwa.
"Na hili pia," asema, "asante.
Amina.
Sasa nishike mkono nisimame."