Nati Nne

Nilidhani ni barabara.
Nilidhani ni yale makorongo ya Segerea
yanayofufuka kila baada ya mvua,
usukani wa kirikuu ukitetemeka mikononi kama mwenye malaria,
na nyuma yangu viti mia na ishirini vya plastiki
vikigongana, vikinong'onezana,
vikienda kukaliwa na wafiwa wa Kinyerezi.

Kisha mlio. Ko. Ko. Ko-ko.
Muuza mahindi akanipungia kipepeo chake cha mkaa:
"Mama, tairi linakuaga!"

Nikashuka. Tairi jipya, vinyweleo vya mpira bado anavyo,
nati mbili zimeshakwenda zao,
ya tatu inazunguka kwa kidole,
ya nne, peke yake, imeshikilia
mimi, viti, na heshima ya msiba mzima.

Siku mbili tu. Siku mbili tangu pale Barakuda,
kwa Temba, penye ubao uliochorwa tairi lenye mabawa.

Usiku ule niliandaa maneno.
Niliyapanga kama ninavyopanga viti,
makali safu ya mbele, matusi nyuma kabisa,
risiti nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Asubuhi nikamtulia rimu mezani, matundu yameliwa.
Alikuwa anakunywa supu.
"Mama, umepita njia mbaya."
"Njia mbaya inafungua nati?"
"Gari ya mizigo, mama, unajua tena..."
"Risiti yako imeandika *kufunga*. Soma.
Haikuandika *kuegesha*."

Vijana wa upepo wakacheka.
Temba akaweka kijiko chini. Akaita: "Chande!"

Akaja, miaka kumi na tisa labda,
mikono myeusi hadi viwikoni.
Hakunitazama mimi. Alitazama rimu,
akapitisha kidole kwenye tundu lililotanuka
kama anayepima jeraha alilolitia mwenyewe.
"Nilizishika kwa mkono kwanza," alisema.
"Nilikuwa narudi na spana.
Mama akanituma chenji."

Hapo ndipo hotuba yangu ilipopata pancha.

Maana nakumbuka. Noti ya elfu kumi,
jua la saa saba, simu ya msiba sikioni,
na mimi nikisema: wahi, kijana, wahi, hiyo imetosha.
Aliporudi na chenji nilishawasha gari.

Sikusema kosa ni langu. Halikuwa langu.
Anayefunga ndiye anayejua kama amefunga,
na mwenye duka ndiye mwenye jina ubaoni.
Lakini lile neno *wahi* lilikaa katikati yetu
ndani ya beseni la kutafutia pancha,
likitoa mapovu.

Temba akapiga hesabu nyuma ya risiti:
rimu ya mtumba, stadi mbili, nati nne mpya,
na elfu thelathini za gari niliyokodi kumalizia safari.
Akamwelekezea Chande kalamu. "Hii inatoka kwako."
"Inatoka dukani," nikasema.
"Mama, umeshashinda. Usinifundishe kazi."
"Inatoka dukani, au rimu hii naitundika hapo kituoni
na jina lako juu yake."
Akanitazama. Akafuta. Akaandika upya.
Kalamu iliishiwa wino; akaandika kwa kukandamiza,
nikasoma kwa kidole.

Chande alifunga mbele yangu,
si kwa kuzunguka, kwa msalaba:
juu, chini, kushoto, kulia.
Akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote,
ambao si mwingi, akarukaruka kidogo,
kisha akasema, "Na wewe panda."

Nikavua kandambili. Nikapanda.
Nati haikusogea hata unywele.

Chenji ya siku ile, elfu mbili,
mpaka leo imo kwenye kidroo cha gari.
Naiona kila nikitafuta leseni.
Sijajua bado ni ya nani.