Wiki ya Saba, Wadi ya Mifupa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Dundee.
Basini tuko wawili, mimi na dereva,
na nje mvua ya huku, isiyonyesha wala kukoma,
inaning'inia tu, kama deni.

Kadi yangu ya kifuani imeandikwa Mwanakombo.
Wadini naitwa Mwanafunzi.
Mwanafunzi, kitanda cha nne anataka beseni.
Mwanafunzi, presha ya saa tatu iko wapi?
Sikasiriki. Nusu ya jina wamepatia.

Zamu ni ya kutwa nzima, haina mshahara.
Jumamosi na Jumapili niko nyumba ya wazee, Broughty Ferry,
ndiko kodi inakotoka.
Na Ijumaa usiku nikabidhi insha
ya maneno elfu tatu
kuhusu huruma.

Kila mtu na dawa yake.
Eilidh hutapika kwanza, kule kwenye maegesho,
halafu anatafuna mnanaa na kuingia akicheka.
Padma ana daftari la makosa ambayo hajayafanya bado.
Fergus aliondoka wiki ya tano. Hakuaga.
Viatu vyake vyeupe vimo kabatini mpaka leo,
kamba zimefungwa vizuri,
kama vya mtu aliyekwenda kuogelea.

Mimi ninayo stoo ya mashuka.
Naingia, navuta mlango, naegemeza paji la uso
kwenye taulo ambazo bado zina joto la kufuliwa,
nahesabu hadi ishirini. Kwa Kiswahili,
maana kwa Kiingereza namba hukimbia.
Kumi na tisa, nakuwa mtu tena.
Ishirini ni ya kufuta macho.

Leo ishirini hazikutosha.
Lorna, anayenitilia sahihi kitabuni,
alisimama mbele ya wagonjwa sita: Rudia. Sijakuelewa. Rudia.
Nikarudia mara tatu, mililita mia nne za mkojo,
mpaka mkojo ukaacha kuwa neno.
Na si mtu mbaya, Lorna. Ana wagonjwa ishirini na wanane,
wauguzi wawili, na goti linalomsumbua.
Lakini goti lake halikunifuta machozi.

Kitanda cha sita, Bi. Petrie. Nyonga mpya, miaka tisini na moja.
Masikio aliyaacha kiwandani, ujanani,
kwenye mitambo ya kufuma magunia,
kelele ambayo hata ukipiga yowe hujisikii.
Wafumaji walisemezana kwa midomo mitupu.
Kwa hiyo lafudhi yangu hajapata kuisikia.
Kwake mimi sina lafudhi. Nina mdomo.

Namhesabia pumzi, jicho moja kifuani pake, moja kwenye saa.
Naona naye ananitazama.
"Hizo si namba za kwetu," akasema.
Si za kwenu, nikajibu.
"Na lile neno ulilotoka nalo kule kwenye mashuka?"
Sikujua kama nilitoka na neno.
Akanionyesha, kwa midomo yake mikavu,
si, we, zi,
bila sauti, bila kukosea.

Nikamwambia maana yake.
Hakunipa pole. Hakunishika mkono.
"Sisi tulikuwa nalo la Jumatatu," akasema. "Ijumaa tulikuwa na jingine,
lakini wewe bado mtoto."
Akacheka mpaka mashine ya presha ikalalamika.
"Haya, anza tena. Uliniacha kwenye kumi na moja."

Nikaanza tena. Moja.
Alikuwa akizifuata namba zangu kwa midomo yake,
nusu hatua nyuma, kama anayejifunza sala ya wageni,
mimi nikihesabu pumzi zake,
yeye akihesabu sijui nini.

Kumi na sita kwa dakika.
Niliandika, saa nne na dakika kumi asubuhi,
nikatia jina langu lote, herufi kumi.
Pembeni nikaacha nafasi ya Lorna.