Ile ya Kijani

Kibanda changu kiko Mwembe Tayari,
kati ya muuza tambi za majiko na kinyozi,
na kazi yangu ni cherehani. Ubao unasema hivyo.
Haukutaja treni.

Lakini Mama Wakesho alishuka kwenye tuktuk
na boksi la viatu kifuani, kama aliyebeba mayai,
akafunua: injini tatu, kila moja urefu wa kiganja,
nyekundu, ya buluu, na ya kijani iliyochubuka pua.
"Za marehemu," akasema. "Zinalia, haziendi."

Mwadime alikuwa fundi wa reli, karakana ya Changamwe,
miaka thelathini na mmoja chini ya matumbo ya injini za kweli.
Akastaafu, akatandika reli juu ya meza ya kulia;
tangu hapo wali ukaliwa mapajani.

Nikaigusisha nyekundu waya. Mota ikanguruma,
magurudumu yakanitazama tu.
Nimeona watu wa namna hii:
moyo unakwenda mbio, miguu haina habari.

Nikafungua skrubu ndogo kama punje za ufuta,
nikaziweka kwenye kisosi cha kahawa zisipotee.
Ndani, kati ya mota na gia,
kuna shafti: kijiti cha plastiki, jino la mtoto linakishinda unene,
ncha zake zimekaa kwenye vikombe viwili,
kazi yake kupokea mzunguko huku na kuupeleka kule.
Mpagazi. Jina lake haliko kwenye boksi.
Kilikuwa kimepasuka ubavuni, kikombe kimelika,
mota inazunguka pale bure
kama ulimi penye pengo.

Kipuri chake hakuna, hata kwa wale wanaosema wana kila kitu.
Nikaitoa utumbo kalamu ya daftari la madeni,
nikaupima mrija kwa uzi, nikakata.
Wa kwanza ulizidi nusu milimita:
injini ikajikaza, ikanuka moshi, nikachomoa mbio.
Wa pili ulipungua, ukadondoka kwenye kona ya kwanza.
Umeme ukakatika. Wa tatu niliukata
tochi ya simu nimeing'ata menoni,
nikamkumbuka nyanya akipima kanzu:
"Acha pumzi. Nguo ya kubana humchanikia mwenyewe."
Nikaacha pumzi, unene wa ukucha.
Na tone la mafuta ya cherehani. Moja; si mawili.

Jumamosi nikazipeleka kwake, maana reli hazihamishiki.
Nyekundu ikatoka, ikapinda penye kibakuli cha chumvi,
ikarudi kimya kama paka aliyeiba.
Ya buluu vilevile.
Nikasimama nikingoja sifa zangu.

Mama Wakesho alikuwa amefumba macho.
"Mbona hazisemi?"

Nikamweleza: ule mlio ulikuwa ugonjwa, mama,
plastiki ikijikwangua yenyewe.
Shafti nzima haina la kusema.

"Naelewa," akasema. "Lakini mimi nilikuwa jikoni, fundi.
Miaka yote hiyo, jikoni. Sikukaa kuzitazama zikienda.
Nilijua yupo kwa ule mlio."

Ya kijani ilikuwa bado ndani ya boksi,
shafti yake imepasuka nusu, inashika, inateleza, inashika.
Mrija wake nilikuwa nao tayari, mfukoni.
"Hiyo usiiguse," akasema,
akainuka kwenda kuinjika chai.

Nikaiweka relini. Krrr, ikasogea shubiri, ikagoma.
"Isukume kidogo!" akaita kutoka jikoni.
Nikaisukuma kwa kidole. Krrr. Krrrr.
Kule ndani, kijiko kilichokuwa kikikoroga
kikanyamaza.

Chai ilichelewa sana siku hiyo.
Ule mrija sikuutoa; umevuja mfukoni,
umeacha doa la buluu kwenye shati langu jeupe,
na mke wangu kila akifua huniuliza nilikuwa naandika nini.