Msomi wa Shaba

Kitabu kilitoka maktaba ya misheni,
mgongo umegandishwa kwa gundi ya viatu.
Mwalimu Mihambo alikifungua juu ya meza yangu ya mihuri, Isevya,
akagonga ukurasa kwa kidole: "Nichonge hivi."

Mzungu wa miaka mia tatu na hamsini iliyopita.
Nywele za bandia zimemporomokea mabegani,
kola ya lesi imekiandaa kichwa kama sinia.
Nyuma yake pazia, na nguzo ya jumba
ambamo huenda hakulala hata usiku mmoja.
Kidole kakibana kati ya kurasa
kana kwamba tumemkatiza
naye atatusamehe.
Chini, Kilatini: mistari minne ya sifa.
Chini ya sifa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
jina la aliyechonga.

Huyo ndiye niliyemtazama kwa lenzi.
Najua shingo yake ilivyokakamaa.
Kivuli kile cha shavu si wino tu,
ni mara ngapi mkono ulirudi palepale.

"Joho niwekee," alisema Mwalimu. "Na rafu ya vitabu."
Vitabu vyake, najua, aliviuza mwaka wa mabati.
"Na nguzo?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Nguzo ninayo, ya Tanesco, mlangoni kabisa.
Umeme wenyewe ndio haujaingia."

Shaba niliipata karakana ya reli,
kipande cha tanuri la garimoshi lililokufa.
Nikachonga kinyume, kama mihuri yote,
wiki tano, kwa tindo ya marehemu baba:
joho, rafu, pazia,
nguzo (nyaya sikuweka).
Jina langu nikalificha chini kabisa.
Nilipofika kwenye upindo wa mkono wa kulia
nikasita.
Nyeupe haichongwi.
Nyeupe ni shaba uliyoiacha.
Nikaiacha.

Siku ya kupiga chapa, karatasi ilitoka mbichi.
Alijitazama kimya, kama anayesahihisha.
Tabasamu likapita kwenye joho, likapita kwenye rafu,
likakwama mkononi.
"Hapa umesahau."

Sikujibu.
Akalipangusa lile doa jeupe kwa kiganja,
mara moja, mara mbili,
vile alivyokuwa akijipangusa kila saa nane mchana,
miaka thelathini na minne, akitoka darasani.

Wino wa pembeni ukamshika vidole.
Chaki haikutoka.